Sponji Niliyoiosha Maji Matatu

Usiku wa kuamkia jana niliota samaki amekuja kunikagua usafi.

Alipiga hodi kama watu. Nikafungua, nikamkuta amesimama kwa mkia wake wa njano, mwili buluu, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, faili kwapani. Samaki hana kwapa, najua. Lakini faili lilikuwa kwapani.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Nimeshakaribia. Mimi ni Bwana Afya. Nimekuja kukagua."

Nikamwambia akague tu, roho yangu kwatu. Hapa Chumbageni, Tanga, kila mtu anaijua nyumba ya Mama Ruzuna: tonge likikudondoka sakafuni unaliokota unakula. Bwana Afya akapitisha pezi juu ya meza, akalitazama, akatikisa kichwa. Akaingia jikoni, akanusa sufuria, akatikisa kichwa tena. Akafungua choo, akasimama mlangoni muda mrefu kama mtu aliyeibiwa.

"Bibi, hiki choo kina wafagizi wangapi?"

"Mfagizi ni mimi peke yangu."

"Na wale waliokuwa wakiishi humu?"

"Humu haishi hata mende."

Akaandika. Akaandika mpaka mate yakanikauka kinywani. Kisha akafunga faili.

"Kosa," akasema. "Usafi wa kupindukia. Kifungu cha sita."

Kifungu cha sita nilikuwa nakijua.

Hapa, mama mwenzangu unayesoma, inabidi niisimamishe ndoto kidogo, maana bila haya utaniona nimerukwa na akili. Nina watoto wanne. Wa pili ni Ruzuna, miaka kumi na moja, na Ruzuna ana samaki watatu wa maji ya chumvi, buluu, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Mkubwa kampa jina la Bwana Afya kwa kuwa hupita akichungulia kila pembe. Wa kati ni Kidawa. Mdogo kabisa ni Nukta. Likizo hii wifi yangu Mwanahija wa Pangani kajifungua pacha, akaomba mtoto wa kumsaidia kushikashika. Tukampeleka Ruzuna. Tulimchagua yeye kwa sababu halii. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mama, nakuachia wanangu." Ndiyo maana samaki ananiita bibi.

Sasa tangi lao likaanza kuvuja. Baba Ruzuna akaagiza lingine kwa fundi vioo, kubwa mara tatu, akaenda na madumu kuteka maji safi ya bahari. Nikasema mtoto akirudi akute wanawe wamehamia kwenye jumba. Bi Saumu, mwanamke anayeuza samaki wa mapambo, akaniandikia karatasi yenye mambo sita. Maji ya zamani usiyamwage yote. Watie kwenye mfuko, mfuko uelee kwanza nusu saa. Maji mapya uwatilie tone kwa tone. Taa uzime. Siku ya kwanza wasile. Na la sita: sponji ya chujio usiioshe, na mawe usiyasugue, ule uchafu ndio uhai wao. Halafu akaongeza kwa mdomo, "Ila usiwaogope hawa, Mama Ruzuna, hawa ni wagumu. Hawa ndio watu huwatia kwanza kwenye tangi jipya. Wakifa, unajua maji bado hayajafaa."

Mimi nimeishia darasa la saba lakini kusoma najua. Nikasoma la kwanza mpaka la tano, nikakubali. La sita nikaona Bi Saumu kapitiwa na usingizi. Nani anahamia nyumba mpya na uchafu wa nyumba ya zamani? Sponji ilikuwa na ute wa kahawia, ukiigusa mkono unarudi wenyewe. Nikaitia sabuni ya unga, nikaifikicha, nikaisuuza maji matatu kama alivyonifunza mama yangu, kwamba kitu hakijatakata mpaka kipite maji matatu. Ikatoka nyeupe pee. Na yale matano niliyoyakubali, kwa kuwa magharibi ilikuwa imeshaingia na wali uko jikoni, nikayafupisha. Niliwamimina wote watatu kwa pamoja, chubwi, nikaenda kupakua.

Haya, turudi ndotoni.

"Adhabu yake nini?" nikamwuliza Bwana Afya.

"Hakuna adhabu, bibi. Ni kuhamishwa tu. Tutafuata karatasi."

Sasa nimo ndani ya mfuko wa plastiki. Sikuona nilivyoingia. Mfuko umefungwa kwa rababendi juu ya kichwa changu, na ndani umejaa maji ya nyumba yetu. Najua ni ya kwetu kwa sababu yana harufu ya nazi, na redio inasikika ndani yake. Baba Ruzuna naye yumo, kalala na mto wake, anakoroma mapovu.

"Mifuko hii si ilipigwa marufuku?" nauliza.

"Huu una kibali," anasema Bwana Afya kutoka nje. Ananionyesha mhuri. Mhuri una picha ya mhuri.

Tunaelea juu ya mtaa nisioujua. Bwana Afya anatazama saa. "Nusu saa," anasema. "Mzoee joto la huku kwanza."

Nusu saa ikapita mara moja, kama zinavyopita za ndotoni. Kidawa akaja na sindano, amevaa kofia ya nesi, akatoboa mfuko tundu dogo. Mtaa mpya ukaanza kutuingia tone kwa tone.

Tone la kwanza ni moshi wa jiko la mtu mwingine. Tone la pili ni jogoo wa huko, ambaye anawika wakati si wake. Tone la tatu ni jirani mgeni. Anaingia, anaomba chumvi, anatoka. Tone la nne ni mlango unaofunguka kwa nje. Tone la tano ni mama mkwe.

"Hilo mlipunguze!" nikapiga kelele.

"Tunalitia nusu," akasema Kidawa, akakaza sindano. Mama mkwe akaingia mpaka kiunoni, akasimama hapo, akaanza kunieleza jinsi ya kupika mchuzi.

"Inauma, bibi?" akauliza Bwana Afya.

"Haiumi. Inawasha kidogo tu."

"Ndivyo inavyofanywa. Sisi ulitumimina."

Nikajitetea, "Bi Saumu alisema nyinyi ni wagumu."

"Ni kweli, ni wagumu. Mgumu ndiye anayetiwa kwanza." Akafungua faili, akapekua. "Hata Ruzuna mlimpeleka Pangani kwa sababu halii. Imeandikwa hapa."

"Ruzuna hana neno kule. Kila nikimpigia simu anasema hana neno."

"Na sisi jana jioni tulisema nini?"

Nikakumbuka. Hawakusema kitu.

Bwana Afya akatia pezi katika mfuko wa kaptura, akatoa kopo la hamira. "Ugumu wetu huu hapa," akasema, akalifungua. Ndani kulikuwa na unga wa buluu, haufiki nusu kijiko. "Tulizaliwa na kopo zima. Tulipovuliwa ukachotwa kidogo. Dukani kidogo. Njiani, kwenye mfuko wa Bi Saumu, kidogo. Jana jioni ulimwagika mwingi."

"Na wa Nukta uko wapi?"

Akageuza kifuniko. Juu yake palikuwa na punje mbili.

"Zitafika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua litoke. Ruzuna anafika saa ngapi?"

"Anapanda gari la asubuhi. Saa nne yupo hapa."

Bwana Afya akapiga hesabu kwa mapezi. "Basi atatukuta," akasema. "Ila sisi hatutamwona."

Hapo nikaanza kulia. Nikalia kwa sauti, mle mle mfukoni. Kidawa akaja mbio akagonga plastiki.

"Bibi, usilie humo! Unazidisha chumvi!"

Nikajikaza. Lakini chozi moja lilikuwa limeshatoka, likawa zito, mfuko ukapasuka.

Tukaangukia darasani. Darasa la Saba B, lile lile, na dawati langu lile lile nililochonga jina kwa bikari. Mbele, ubaoni, mwalimu wetu ametundikwa kwa vibanio viwili vya nguo. Mwalimu ni sponji. Mweupe pee, anadondosha povu.

"Mama Ruzuna, simama. Leo tunaita mahudhurio."

Nikasimama. Mwalimu akasoma kitabuni.

"Wafagizi wa choo."

Kimya.

"Wafagizi wa mabaki ya chakula."

Kimya.

"Walinzi wa pumzi, zamu ya usiku."

Kimya. Nikageuka kutazama nyuma. Madawati matupu yamepangwa safu kwa safu, yanapita ukutani, yanatoka nje, yanaishia huko karibu na Korogwe.

"Mwalimu, hao ni kina nani?"

"Samaki hujisaidia pale pale anapovutia pumzi," akasema Sponji. "Hana pa kwenda. Kulikuwa na wafanyakazi wa kuuondoa ule mkojo kabla haujageuka moto machoni mwake. Wadogo, hawaonekani, hawadai likizo. Walihamia kwangu mmoja mmoja, miezi minane, mpaka tukajaa. Wewe ukatuita ute."

Dawati la mwisho likakohoa.

Nikatazama vizuri. Palikuwa na kibibi kidogo kuliko punje ya ulezi, kajitanda kanga, povu linamtoka puani. Amebaki peke yake katika darasa zima.

"Nani alituosha?" akauliza kile kibibi.

"Dada wa kazi," nikasema.

"Huna dada wa kazi."

"Basi mvua."

"Mvua haina sabuni ya unga."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi za shule, moja imetoboka. Miaka yote hii, mama mwenzangu, na bado mtu mzima unasimama pale unasingizia mvua.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulisuuza?"

"Maji matatu."

"Maji matatu," kibibi akarudia, bila hasira. "Mwanangu, hivyo huoshwa wanaoagwa. Sisi tulikuwa kazini."

Akakohoa tena, povu likatoka dogo, halafu halikutoka tena. Sponji akaandika kitu kwenye mahudhurio, akafuta chozi la sabuni.

Bwana Afya alikuwa amekaa dawati la mbele, kifungo cha kaptura kimefunguliwa, matamvua ya kupumulia yanapanda na kushuka kama mvukuto. Kaptura haikuwa imenyooka tena. Kidawa alikuwa amemshika Nukta mapajani, anampepea kwa kofia ya nesi.

"Mama Ruzuna, swali la mwisho," Sponji akasema. "Kuna chochote cha nyumba ya zamani ambacho hakijaoshwa? Hata kidogo. Hata kipande."

"Hakuna, mwalimu. Naapa. Mawe madogo niliyasugua kwa mkono wangu. Lile kubwa nilimpa Baba Ruzuna alisugue na maji ya zamani ayamwage, na akaniambia tayari."

Darasa zima likageuka. Darasa zima ni sisi watano na ubao, lakini tuligeuka kwa kishindo. Baba Ruzuna alikuwa kona ya nyuma, kalalia mto wake juu ya dawati, anakoroma.

Mimi namjua. Akilala kweli hukoroma na kupumzika, anakoroma na kupumzika. Akijifanya, hukoroma mfululizo kama mashine ya kusaga. Na pale alikuwa anasaga.

"Babu," Bwana Afya akamwita.

Akakoroma.

"Babu, jiwe."

Akakoroma zaidi, na kugeuka upande.

Nukta alikuwa hajasema neno usiku kucha. Alikuwa anaweka akiba ya pumzi. Sasa akashuka mapajani kwa Kidawa, akajikokota sakafuni kwa tumbo, pole pole, dawati baada ya dawati, mpaka kona ya nyuma. Akafika kwenye mguu wa Baba Ruzuna. Akachagua kidole gumba. Akauma.

Kwenye kifuniko cha kopo nikaona punje mbili zimekuwa moja.

"Aaah! Sijalisugua!" Baba Ruzuna akaruka, mto ukaanguka. "Sijalisugua! Mpira ulikuwa unaanza! Liko nyuma ya bafu, kwenye ndoo ya kufulia, na maji yake ya zamani nayo yamo humo humo. Sijamwaga hata tone. Nilisema nitamwaga kesho!"

"Uliniambia tayari!"

"Nilikwambia tayari ili unyamaze!"

Nina miaka kumi na sita katika ndoa. Nimegombana na uvivu wa mwanamume huyu kwa masika na kwa vuli. Na hapo, mbele ya mwalimu, nilitaka kumbusu kichwani. Nikafungua kinywa nimwambie akimbie, akimbie sasa hivi. Darasa lote likageuka maji, likaniingia mdomoni, chumvi na sabuni kidogo.

Nikaamka.

Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka. Sikutafuta ndala. Nilikimbia sebuleni hivyo hivyo, nikawasha tochi ya simu, nikamulika tangi.

Walikuwa juu kabisa, midomo imegusa hewa, wanapumua kama watu waliopanda milima ya Lushoto kwa miguu. Bwana Afya alikuwa hachungulii kokote. Nukta alikuwa ameegemea kioo kwa ubavu, na nilipomulika jicho lake lilisogea. Kidogo tu, lakini lilisogea.

"Baba Ruzuna!" nikaita. Sikungoja anijibu. Nikageuka kukimbilia nyuma ya bafu, na pale ukumbini nikagongana naye.

Alikuwa anatoka huko. Ameikumbatia ndoo ya kufulia kwa mikono miwili, maji yanamchuruzikia tumboni, na ndani ya ndoo, ndani ya maji ya kijani, lile jiwe kubwa limekaa na ute wake wote, mzima kama bibi harusi na kanga zake.

Tukatazamana.

"Usiniulize," akasema.

Sikumwuliza. Niliitoa ile sponji yangu nyeupe nikaitupa uani. Tukawachota samaki tangini kwa chujio la chai, tukawatia ndooni, Nukta kwanza. Hapo hapakuhitaji tone kwa tone, walikuwa wanarudi kwao. Baba Ruzuna akahamisha pampu ya hewa, mapovu yakaanza. Tukazima taa, nikafunika ndoo kwa kanga nusu, tukachuchumaa, yeye upande huu na mimi upande ule. Nukta alizama mpaka chini na kulala kando ya jiwe. Nikaanza kusoma dua zote nilizofundishwa, hata ya safari, hata ya chakula.

Jua likatoka. Muuza maandazi akapita, akaita, sikumwitikia. Akarudi tena, akaita tena. Ndipo Nukta akatoka nyuma ya jiwe kwa hasira na kumfukuza Kidawa aliyekuwa amekaa mahali pake.

Nikapiga simu Pangani.

"Umeshapanda gari, mwanangu?"

"Bado, mama. Shangazi ananifungia mkate wa kumimina."

"Ruzuna, huko kulikuwaje? Usiniambie huna neno."

Nikawasikia pacha wa wifi yangu wanalia nyuma yake, na yeye anahema.

"Usiku nilikuwa nalia, mama," akasema. "Lakini kwenye mto. Hawakusikia."

"Njoo nyumbani. Nimesikia."

Sasa mama mwenzangu, mimi si mtaalamu, nimekwambia shule yangu. Ila nakuonya kwa kilichonifika. Ukihamisha kitu chenye roho, usikimimine. Na usikioshe kila kitu chake cha zamani kwa sababu macho yako yamekiona kichafu. Huenda humo ndimo walimo wanaokisaidia kupumua. Na ukisikia mtu anasifiwa kuwa ni mgumu, mwulize mwenyewe, mara mbili, na umngoje ajibu.

Ruzuna alifika saa nne na robo, akawakuta wanawe kwenye ndoo ya kufulia, wote watatu, na wao wakamwona. Tangi jipya bado lipo tupu sebuleni. Tutawahamisha pole pole, kwa kufuata karatasi, mpaka namba sita.

Ila kuna jambo moja sijamwambia Ruzuna. Jana asubuhi, kabla mtoto hajafika, Baba Ruzuna alikaa barazani akapandisha mguu juu ya kigoda, anajikuna. Nikainama nitazame. Kwenye kidole gumba palikuwa na alama ya mviringo, ndogo kama punje ya dengu, yenye vidonda viwili vitatu vya ncha ya sindano, na pembeni yake chumvi imekauka, nyeupe.

"Mbu," akasema haraka.

"Ndiyo," nikasema. "Mbu."

Akainuka akaenda kutafuta soksi. Tanga hii, na joto la mwezi wa kumi na mbili, mtu mzima akavaa soksi, akashinda nazo mpaka jioni.